Loire, Tauber au Wachau: njia ipi ya baiskeli ina utulivu wa kweli?

Mdogo wangu anaishi Leeds na familia yake. Juzi alinipigia simu: "Kaka, Juni nina likizo ya siku tano. Mimi na shemeji yako tunataka kuendesha baiskeli mashambani huko Ulaya bara, tupite vijiji vya kale na makasri. Ila hatutaki magari na hatutaki umati. Twende wapi?" Nilimjibu hapo hapo, kisha usiku nikajilaumu. Nilimtajia njia yenye makasri mengi kuliko zote, na yeye hakuniuliza habari ya wingi. Aliniuliza utulivu. Basi nimeona niliandike jibu lenyewe, limfae yeye na yeyote mwenye swali kama lake.

Nalinganisha njia tatu: bonde la mto Loire nchini Ufaransa, bonde la mto Tauber kusini mwa Ujerumani, na Wachau, kipande cha mto Danube nchini Austria. Nimezipita zote kwa baiskeli, mbili kati yake zaidi ya mara moja. Zote hufuata mto, kwa hiyo hazina vilima vya kuvunja magoti, na zote zimo katika nchi za Schengen, hivyo viza moja yatosha.

Kabla sijaanza, tuelewane juu ya neno moja, maana ndilo litakaloamua miguu yako itachoka kiasi gani. Mfaransa huita kila kitu château, iwe boma la vita au jumba la starehe la mfalme. Mjerumani yuko karibu nasi zaidi: Burg ni ngome, Schloss ni kasri. Ngome hukaa juu ya jabali, kwa sababu aliyeijenga alitaka adui achoke kabla hajafika. Basi na wewe utachoka. Kasri hukaa chini, karibu na maji na bustani, nawe utafika hadi langoni ukiwa bado juu ya tandiko. Loire ni nchi ya makasri. Wachau ni nchi ya magofu ya ngome. Tauber ina vyote viwili kidogo kidogo, na juu ya hivyo ina miji midogo iliyozungukwa na kuta.

Loire

Njia nzima ya Loire ina kama kilomita 900, kutoka karibu na Nevers hadi bahari ya Atlantiki. Kwa siku tano huihitaji yote. Kipande chenye utajiri ni kati ya Blois na Saumur, kama kilomita 150 hivi kabla ya kuhesabu michepuko, na michepuko ndiyo itakayokula siku zako.

Wa kwanza ni Chambord, kama kilomita 17 kutoka Blois kwa njia ya msituni. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga kasri hilo mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400, na katikati kuna ngazi mbili zilizosokotana kama kamba: anayepanda na anayeshuka wanaonana kupitia madirisha, ila hawakutani. Mfalme mwenyewe, katika maisha yake yote, alilala humo wiki chache tu. Mwaka 1939, vita vilipobisha hodi, picha za makumbusho ya Louvre zilihamishiwa huko, Mona Lisa ikiwemo.

Mara ya kwanza nilifika Chambord saa tano asubuhi. Mabasi yalikuwa yamejaa, watu wamepanga foleni, na nilichokiona zaidi ni migongo ya watu. Mara ya pili nililala kijiji cha jirani, nikaondoka alfajiri, nikafika saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, kulungu mmoja alikatiza njia taratibu kama mwenye shamba lake, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa cheni ya baiskeli yangu. Kasri lilikuwa halijafunguliwa na sikujali hata kidogo. Nilikaa kwenye nyasi nikila mkate na jibini, nikilitazama lile paa lenye minara na mabomba ya moshi kama mji mdogo uliowekwa juu ya nyumba. Watu wa mabasi hawawezi kupata saa hiyo. Mwenye baiskeli anaipata bure.

Mahali ambapo ningependa kila msomaji wa Kiswahili asimame ni Amboise. Wengi huenda kwa ajili ya Leonardo da Vinci, aliyefariki mjini hapo tarehe 2 Mei 1519 na kaburi lake limo katika kanisa dogo la ngome. Mimi kilichonigusa ni jambo jingine. Amiri Abd el-Kader, aliyepigana na Wafaransa nchini Algeria kwa miaka 15, alisalimu amri mwaka 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende Mashariki. Ahadi ilivunjwa. Aliletwa Amboise na familia yake na wafuasi wake, akafungwa humo kuanzia 1848 hadi 1852. Wapo waliofia hapo, wake kwa watoto, na bustani ya juu ina mawe ya kuwakumbuka, yameelekezwa Makka. Nilisoma Fatiha, nikakaa kimya. Chini yetu mto ulikuwa mweupe kwa jua. Watalii walikuwa wakipita kwenda kwa Leonardo, hawakugeuza shingo.

Chenonceau iko kama kilomita 15 kutoka Amboise, si juu ya Loire bali juu ya mto Cher, na ninaposema juu namaanisha hivyo: ukumbi wake wa mita 60 umejengwa juu ya daraja, maji yanapita chini. Vita vya kwanza vya dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali, ukapokea majeruhi zaidi ya 2,000. Vita vya pili, mto Cher ulikuwa mpaka kati ya sehemu iliyokaliwa na Wajerumani na ile isiyokaliwa. Mlango wa mbele uko upande mmoja, mlango wa mwisho wa ukumbi uko upande wa pili. Uzuri wake sina la kubisha. Utulivu haupo, labda uwe wa kwanza mlangoni. Barabara ya kutoka Amboise nayo ina magari.

Utulivu wa Loire unaanza baada ya Tours. Hapo umati hupungua, na njia hushuka hadi kwenye vijiji vya jiwe jeupe liitwalo tuffeau, jiwe laini linalokatika kwa msumeno. Aliyezoea nyumba za mawe ya matumbawe za mwambao wetu atalielewa jiwe hilo akiligusa tu. Makasri na nyumba zilijengwa kwa jiwe lililochimbwa papo hapo, na mashimo yaliyobaki yakawa nyumba, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Kati ya Candes-Saint-Martin, mahali Vienne inapoingia Loire, na Saumur, nimeendesha nusu siku nzima nikapishana na watu ninaoweza kuwahesabu kwa vidole. Ukipata nguvu, panda kilomita chache kutoka Montsoreau hadi abasia ya Fontevraud, yaani makao ya kale ya watawa. Ndani kuna kaburi la Richard, mfalme wa Uingereza aliyeitwa Moyo wa Simba, na karibu yake mama yake Eleanor, sanamu yake imelala imeshika kitabu kilichofunguliwa. Mkumbuke Richard huyo, tutakutana naye tena Austria.

Kasoro za Loire nazitaja bila kuficha. Upepo mara nyingi hutoka magharibi, baharini, na wengi huendesha kuelekea magharibi kwa kuufuata mto. Kwa hiyo wanapambana na upepo wa omo, kama wasemavyo mabaharia wetu. Mimi sasa huanzia Saumur nikarudi juu hadi Blois, mteremko wa mto ni mdogo mno kuusikia lakini upepo mgongoni unausikia. Sehemu nyingine za njia hupita juu ya matuta ya kuzuia mafuriko, hakuna kivuli hata cha mkono. Vipande vingine unashiriki barabara ndogo na magari. Julai na Agosti sikushauri kabisa. Chakula cha mchana jikoni hufungwa mapema, ukifika saa nane na nusu utaambiwa pole. Maji ukikosa, tafuta makaburi ya kijiji. Karibu kila moja lina bomba, na waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanalijua hilo.

Tauber

Hii ndiyo niliyosahau kumtajia mdogo wangu, na sijui niliwezaje.

Kilomita 100 hivi, kutoka Rothenburg ob der Tauber hadi Wertheim ambako Tauber inaingia mto Main. Mtu mwenye haraka anaimaliza kwa siku moja na nusu. Nakuomba usiwe mtu huyo. Ichukue kwa siku tatu, au nne ukiwa na watoto. Njia kwa sehemu kubwa ni ya baiskeli peke yake, lami nzuri, kati ya mashamba ya ngano, miti ya matunda na mizabibu, na mto wenyewe ni mdogo kiasi kwamba mahali pengine mtoto angeweza kurusha jiwe likavuka.

Anzia Rothenburg, usiishie huko. Mji uko juu, bonde liko chini. Ukianzia mjini unateremka, ukimalizia mjini unasukuma baiskeli ukiwa umeshachoka. Mchana Rothenburg hujaa watu kutoka pande zote za dunia, nami sitakudanganya kuwa ni tulivu. Ila wengi ni wa siku moja. Jioni mabasi yakiondoka unaweza kutembea juu ya ukuta wa mji, chini ya paa lake la mbao, ukasikia vijiko vya watu wanaokula nyumbani kwao. Sehemu ya mashariki ya mji na ukuta wake ilipigwa mabomu tarehe 31 Machi 1945, ikajengwa upya.

Asubuhi unashuka, na hapo ndipo ninaposhangaa kila mara. Detwang iko karibu mno na Rothenburg, ni kijiji cha kanisa na nyumba chache, na ndani ya kanisa hilo kuna altare iliyochongwa na Tilman Riemenschneider, mchongaji mashuhuri wa Ujerumani ya kale. Umati wote umebaki juu. Ukisonga mbele hadi Creglingen, katika kanisa dogo liitwalo Herrgottskirche, kuna kazi yake nyingine kubwa, altare ya Mariamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1500. Ni mbao tupu, haikupakwa rangi. Mimi si Mkristo na sikujua kama ubao unaweza kuchongwa hadi shati lionekane jepesi na uso uonekane umechoka. Nilikaa humo karibu saa nzima.

Halafu Röttingen, yenye saa za jua, zile zinazosomwa kwa kivuli, kila kona. Halafu daraja la mawe la Tauberrettersheim, lililojengwa mwaka 1733 na Balthasar Neumann, msanifu aliyejenga pia kasri la askofu wa Würzburg. Pale kijijini linavusha matrekta na baiskeli kama daraja lolote.

Weikersheim ndilo kasri ninalolipenda kuliko yote niliyoyataja, ingawa Chambord lingeweza kulimeza. Ukumbi wake una dari la mbao lenye picha za uwindaji, na ukutani kuna wanyama wa plasta waliotokeza nje: kulungu, dubu, na tembo. Tembo yule amefanyizwa na mtu ambaye ni wazi hakuwahi kumwona. Sisi tunaotoka nchi za tembo tunaliona kosa mara moja, kwenye masikio na kwenye mwili wake. Hata hivyo nilimheshimu fundi yule: alisikia habari za mnyama wa mbali, akamtengeneza kwa moyo wote. Nje kuna bustani ndefu yenye sanamu za mbilikimo zilizowakilisha watu wa ikulu ndogo ile, kuanzia mtunza bustani. Nilikwenda siku ya Jumanne, mwezi Juni, tukawa watu wasiozidi kumi bustani nzima.

Bad Mergentheim napita upesi: kasri lake lilikuwa makao ya mabwana wakuu wa Deutscher Orden, chama cha wapiganaji watawa wa zama za Vita vya Msalaba, tangu karne ya 16 hadi Napoleon alipokiondoa hapo mwaka 1809. Tauberbischofsheim ina mnara mzuri na sehemu za kula. Baada ya hapo bonde hubana, msitu hukaribia, na jiwe la nyumba hubadilika kutoka kijivu kuwa jekundu. Ukiliona jekundu ujue Bronnbach iko karibu, abasia ya watawa wa karne ya 12, na baada yake gofu la ngome ya Wertheim juu ya mito miwili. Hiyo ndiyo ngome pekee utakayoipanda safari nzima, na unaipanda siku ya mwisho, kwa miguu, mizigo umeiacha chini.

Ubaya wake? Jumapili maduka yote yamefungwa. Mwoka mikate hufungua saa chache za asubuhi tu, kwa hiyo nunua Jumamosi. Nyama kwenye mikahawa ya vijijini ni ya nguruwe kila ukurasa; asiyekula aagize samaki, trauti hupatikana kwingi, na kwenye miji iliyo mikubwa kidogo wapo Waturuki wenye kebabu. Kati ya Rothenburg na Weikersheim hakuna reli bondeni, kwa hiyo kipande hicho beba tyubu ya akiba, viraka na pampu. Mimi baiskeli ya kukodi iliniishia breki ya nyuma hapo hapo, na aliyenikodisha hakuwa ameikagua. Nikatembea kilomita sita. Toka siku hiyo sipokei baiskeli bila kuibana breki zote mbili na kuisukuma. Kuanzia Weikersheim hadi Wertheim treni hufuata mto, ukichoka unapanda.

Wachau

Kutoka Melk hadi Krems ni kama kilomita 36. Ni siku moja, na ni siku nzuri. Abasia ya Melk imekaa juu ya mwamba, rangi ya manjano, ilijengwa upya kati ya 1702 na 1736. Unaiona ukiwa mbali na unaondoka ikiwa mgongoni. Mto unashuka mashariki na upepo mara nyingi unashuka nao. Mwezi wa saba aprikoti zinauzwa kando ya njia, nazo zina utamu ambao za dukani hazina.

Tatizo ni meli. Meli za watalii hutia nanga Melk na Dürnstein, na ukingo wa kaskazini, wenye vijiji mashuhuri vya Spitz na Weißenkirchen, hujaa. Wengi huchukua ukingo huo kwa sababu ndio uliopigwa picha. Wewe chukua wa kusini. Kutoka Melk pita Aggsbach-Dorf na Arnsdorf hadi Rossatz, kati ya miti ya matunda, na vile vijiji mashuhuri utavitazama ng'ambo ya mto vikiwa vizima, bila watu kuonekana. Ukitaka kuvuka, vivuko vipo. Cha Spitz hakina injini: kimefungwa kwenye kebo iliyovuka mto, na mkondo wenyewe hukisukuma. Nimekipanda mara tatu siku moja bila haja yoyote ya kuvuka.

Gofu la Aggstein liko upande huo wa kusini, kama mita 300 juu ya mto, na barabara yake ni kali. Acha baiskeli chini upande kwa miguu. Dürnstein ivukie jioni. Juu yake kuna gofu la ngome ambamo Richard Moyo wa Simba alifungwa Desemba 1192, alipokamatwa akirudi kutoka Vita vya Msalaba. Mama yake, yule aliyeshika kitabu kule Fontevraud, ndiye aliyehangaika Uingereza nzima kukusanya fedha za kumkomboa, na sehemu ya fidia hiyo ilijenga kuta za Vienna. Kama umeanza na Loire utakuwa umeshamwona akipumzika karibu na mwanawe. Kama umeanza hapa, utakuwa na sababu ya kwenda kule.

Basi nani aende wapi

Mwenye siku moja akiwa Vienna, achukue treni hadi Melk aendeshe ukingo wa kusini. Mwenye wiki nzima, anayependa majumba makubwa na yuko tayari kuamka alfajiri kwa ajili yake, Loire, na aanzie Saumur. Walio Uingereza wasio na viza ya Schengen wana pwani ya Northumberland: Warkworth, Bamburgh, na kisiwa cha Lindisfarne ambacho barabara yake hufunikwa maji mara mbili kwa siku, kwa hiyo aliyekulia pwani atasoma ratiba ya maji kujaa na kupwa bila kufundishwa. Ni nzuri mno, lakini upepo wa huko ni mkali, na utulivu wake ni wa bahari, si wa mashamba.

Mdogo wangu na mkewe, kwa siku tano, waende Tauber. Na wasiweke zaidi ya kasri moja kwa siku. Nimejifunza kwa kukosea: kasri la pili la siku hulioni, unalipita tu ukifikiria chumba cha kulala, na kijiji kilicho kati yake ndicho unachokikosa kabisa.

Mpango wao nimeshautuma. Treni hadi Steinach, wabadilishe hadi Rothenburg, wafike saa kumi na moja jioni. Usiku wa kwanza hapo. Kesho yake Detwang na Creglingen, walale Weikersheim. Siku ya tatu wasiendeshe kabisa hadi saa sita, wakae bustanini na wakamwone yule tembo, kisha taratibu hadi Bad Mergentheim. Siku ya nne walale Bronnbach au karibu yake. Siku ya tano ni kipande kifupi cha msituni hadi Wertheim, ngome, samaki kando ya Main, na treni ya saa tisa. Shemeji ameniuliza kama kuna mahali pa kupumzika kati ya Creglingen na Weikersheim. Nimemwambia asimame kwenye daraja la Tauberrettersheim. Baraza ya mkahawa iko pale pale mtoni.